UZI: Picha za maua na watoto zinatoka hovyo hata kamera ikiwa nzuri – tutengeneze hapa

Lenzi50 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Picha zinazoombewa ushauri sana humu ni za aina mbili: ua la bustanini na mtoto wa nyumbani. Jibu linalotoka ni "nunua lenzi nzuri mkuu", uzi unakufa. Huu tuuweke wa vitendo. Nachukulia una kamera ya kuanzia na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm, au 50mm f/1.8, au simu tu.

Ua na mtoto wanampa mpigapicha shida zilezile mbili: wote wako chini ya kimo chake, na wote hawatulii. Tuanze hapo.

Kimo. Ukisimama wima ukainamisha kamera, mtoto anatoka kichwa kikubwa na miguu mifupi, na nyuma yake ni sakafu tu. Ua nalo linatoka kama duara lililobandikwa kwenye udongo. Piga goti. Kwa mtoto wa miaka 2 lenzi ikae usawa wa macho yake, kama sm 75 kutoka chini. Kwa ua fupi, kamera ilale kabisa ardhini. Wa simu, igeuzeni kichwa chini ili lenzi iwe upande wa udongo. Picha itajigeuza yenyewe.

Spidi ya shata. Mtoto anayekimbia mita 3 kwa sekunde, kwenye 1/125 ya sekunde anasogea sm 2.4 shata ikiwa wazi. Uso lazima uvurugike. Kwenye 1/500 anasogea mm 6, kwenye 1/1000 mm 3. Kwa hiyo aliyekaa mpe 1/250, anayetembea 1/500, anayekimbia au kuruka kamba 1/1000. Ua kwenye upepo mdogo mpe 1/500 hata kama kwa macho unaliona limetulia. Kamera nyingi zikiwa Auto zinaridhika na 1/60, kwa sababu zinajali mkono wako usitikisike. Hazijui kuna mtoto mbele.

Mpangilio wa kuanzia: modi ya A (Canon ni Av), ambayo wewe unachagua f na kamera inachagua spidi; namba ya f ndogo kuliko zote ulizonazo (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia mwingi); ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe Auto. Kwenye menyu ya ISO Auto weka spidi ya chini 1/250 na ISO ya juu 3200. Fokasi iwe ya kufuata, yaani AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo kwa Canon, na nukta moja ya katikati badala ya kuiachia kamera ichague. Ikichagua yenyewe, mara nyingi inashika kilicho karibu zaidi: jani, mkono, mpira.

Mwanga nawaachia wenyewe, najua wapo.

---

Stopu Tatu

Marekebisho madogo mkuu. Canon nyingi za kuanzia hazina hiyo sehemu ya kuweka spidi ya chini kwenye ISO Auto. Ukiweka Av na ISO Auto ndani ya nyumba, utajikuta 1/40 bila kujua. Wenye Canon hizo watumie Tv (wewe unachagua spidi), waweke 1/500 (au 1/250 kama mtoto amekaa), ISO Auto, basi. F itajichagua, na kwenye mwanga mdogo itafunguka yenyewe mpaka mwisho.

Namba ya f ikianza kupepesa kwenye skrini, maana yake mwanga hautoshi hata kwa ISO ya mwisho. Sogea dirishani, usishushe spidi.

---

Kivuli cha Mwembe

Nipo kwa upande wa mwanga.

Huku kwetu jua linapanda haraka na kukaa juu muda mrefu. Tanga na Dar, mapema Machi na mwanzoni mwa Oktoba saa 6 mchana linapita karibu kabisa na utosi. Macho ya mtoto yanakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli kwenye mdomo, na kila petali inang'aa kama sahani. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Saa za kufanyia kazi ni 12 na nusu hadi 2 na nusu asubuhi, na 10 na nusu jioni mpaka jua linazama. Na jua likishazama usizembee, huku giza halicheleweshi.

Kama lazima upige saa 7 mchana, nenda kwenye kivuli, lakini si katikati ya kivuli. Mweke mtoto hatua moja au mbili ndani ya ukingo, uso ukitazama nje kwenye uwazi. Baraza ya nyumba ndiyo studio ya bure: mtoto ndani kidogo ya ukingo wa paa, wewe nje. Mwanga unaingia kutoka mbele, juu pamezibwa, macho yanapata ile nukta nyeupe inayoyafanya yawe hai. Chini ya mti wenye majani machache ni mtego. Jua linapenya matundu na uso unajaa madoa. Mwembe uliofungamana, sawa. Mwarobaini mwembamba, hapana.

Halafu kuna rangi inayorudi kutoka kwenye vitu vya jirani, na hapa wengi wanailaumu kamera bure:

- Turubai la bluu la sherehe: nyuso zote zinatoka za maiti. Mtoe mtoto nje ya ukingo wa turubai. Kurekebisha rangi baadaye kunasaidia nusu tu, kwa sababu upande mmoja wa uso una bluu na mwingine una mwanga wa nje.
- Nyasi zenye jua: kijani chini ya kidevu. Tandika shuka jeupe mbele yake, nje ya fremu.
- Ukuta uliopakwa rangi kali: shavu la upande huo linaiga.
- Udongo mwekundu wa Lushoto au Moshi: unaongeza joto kwenye ngozi, mara nyingi unapendeza. Uache.
- Mchanga mweupe wa pwani: unarudisha mwanga kutoka chini na kujaza vivuli vya macho. Paje au Pangani unaweza kupiga hata saa 3 na nusu asubuhi ukapata uso safi.

Kwenye kivuli weka mizani ya rangi nyeupe (White Balance) kwenye alama ya nyumba yenye kivuli, ambayo kwa Canon ni kama 7000 K. Ukiacha Auto, ngozi inaelekea bluu.

---

mama_pacha

Swali kwa wakuu. Sebuleni, watoto wakicheza, 18-55mm, taa ya juu imewashwa. Picha zote zimechezacheza. Flashi ya kamera ikiinuka wanatoka weupe na ukuta wa nyuma mweusi. Nifanyeje bila kununua kitu?

---

Stopu Tatu

Dada, zima taa. Ndiyo, izime. Mwanga wa taa nyingi ni wa njano na wa dirisha ni wa bluu. Vikichanganyika hakuna mpangilio wa rangi unaofaa vyote viwili.

Fungua pazia zito, bakiza lile jepesi jeupe. Sogeza mchezo wao mita 1 hadi 1.5 kutoka dirishani, wewe ukae pembeni ili dirisha liwe ubavuni mwao. Ukiwa na 18-55 kwenye 55mm, lenzi inafunguka mpaka f/5.6 tu, na kwa 1/250 utahitaji ISO 3200 hivi. Itatoka na chembechembe. Usiogope, chembechembe zinavumilika kwenye picha ya kuchapa, uso uliovurugika hauna dawa. Ukirudi 18mm lenzi hiyohiyo inafunguka f/3.5, unapata zaidi ya stopu moja ya mwanga (kila stopu ni mwanga mara mbili), ila usimsogelee mtoto sana maana pua inavimba.

Mwenye 50mm f/1.8 palepale dirishani anapata f/2, 1/250, ISO 400 hadi 800. Kwa mzazi anayepiga ndani ya nyumba, hiyo ndiyo lenzi ya pili ya kununua, kabla ya lenzi yoyote ya kuvuta mbali.

Kuhusu flashi: ile ndogo ya juu inatupa mwanga kutoka pointi moja karibu na lenzi, ndiyo maana uso unakuwa bapa na macho mekundu. Ukuta unakuwa mweusi kwa sababu nguvu ya flashi inapungua kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mbali mara mbili kinapata robo tu ya mwanga. Kazi yake nzuri ni nje, mchana, mtoto akiwa amelipa jua kisogo: ipunguze nguvu mpaka -1, spidi usizidishe 1/200, inajaza vivuli vya uso bila kuonekana.

---

Gypsum Nyeupe

Hapo kwa dada mama_pacha niongeze kitu kimoja. Upande wa pili wa mtoto, ule usio na dirisha, weka kitu cheupe kikubwa: kipande cha gypsum kilichobaki kwa fundi, karatasi ya manila iliyogundishwa kwenye boksi, hata shuka juu ya kiti. Ukubwa sm 60 kwa 90 unatosha, umbali usizidi mita 1. Ukisogeza karibu kivuli kinalainika, ukirudisha nyuma kinazama.

Kanga usitumie. Rangi yake yote inahamia usoni.

---

Fundi Histogramu

Naona hakuna aliyegusa ngozi yetu, na hapa ndipo wanaoanza wanaumia zaidi.

Kipimo cha mwanga kwenye kamera kinadhani kila kilicho mbele kina wastani wa kijivu. Kutokana na hiyo dhana, mambo matatu yanatokea.

Mtoto mweusi amesimama mbele ya ukuta mweupe au anga: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, uso unakuwa kivuli. Ongeza ekspoja, yaani mwanga wa picha, +1 hadi +1.7 (kitufe cha +/-).

Uso wa mtoto huyohuyo umejaza fremu: sasa kamera inaona giza, inaongeza, ngozi inatoka ya kijivu iliyopauka kama amepakwa majivu. Punguza -0.3 hadi -0.7. Wengi hawalijui hili; wanakariri tu kwamba ngozi nyeusi lazima uongeze.

Sare ya shule: shati jeupe na ngozi nyeusi. Vyote vikiwa kwenye kivuli kimoja, tofauti ni kama stopu 3, kamera inabeba bila shida. Tatizo ni jua likipiga shati huku uso uko chini ya kivuli cha paji. Hapo tofauti inaongezeka stopu nyingine 2 au 3, na shati linaungua. Kikiungua hakuna kinachorudi, panabaki karatasi nyeupe bila mikunjo wala kola. Mpeleke kivulini, pima kwa uso, washa onyo la sehemu zilizoungua (zinapepesa nyeusi na nyeupe ukiangalia picha). Shati likipepesa, punguza theluthi moja moja mpaka liache. Uso ukiwa na giza kidogo utauinua baadaye. Na kama kamera inaruhusu, piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata).

Skrini ya kamera juani inadanganya. Angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto, weupe kulia): mlima ukigonga ukuta wa kulia, umeunguza.

---

Mzee wa Waridi

Nimesubiri mfike kwenye maua naona mmekwama kwa watoto. Haya.

*Chagua ua kwanza.* Dakika moja ya kuchagua inazidi nusu saa ya kuhariri. Tafuta ambalo petali zote zima, halijaliwa na wadudu, na nyuma yake kuna uwazi wa angalau mita 1. Lenye ukuta sm 20 nyuma, liache hata kama ni zuri. Ukuta ulio karibu hivyo haufifii kirahisi. Toa majani makavu na buibui, futa vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi.

*Umbali.* Kila lenzi ina umbali wa chini inaoweza kufokasi. Lenzi nyingi za 18-55 za sasa ni sm 25, za 50mm f/1.8 ni sm 35 hadi 45. Umbali huo unapimwa kutoka kwenye sensa (kipokea picha ndani ya kamera), penye ile alama ya duara lenye mstari juu ya kamera, siyo kutoka kwenye kioo. Ukilisogelea ua zaidi ya hapo, lenzi inazunguka mbele na nyuma bila kushika. Siyo mbovu. Rudi nyuma. Ndiyo maana kwa maua madogo 18-55 inaweza kukufikisha karibu kuliko 50mm.

*Ukitaka karibu zaidi*, kuna ringi zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hazina kioo ndani, ni uwazi tu. Ringi ya mm 25 kwenye lenzi ya 50mm inakupa zaidi ya nusu ya saizi halisi. Chukua zenye viunganishi vya umeme, zile za bei chee kabisa hazikuruhusu kubadili f kwenye lenzi za kisasa. Ukiwa karibu hivyo, sehemu iliyo kali kwa f/8 ni mm 1 hadi 2 tu, kwa hiyo weka fokasi ya mkono, chagua umbali, kisha sogea mwili wako taratibu mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo. Ukipiga kumi mojawapo itaangukia penyewe. F/11 iwe mwisho. Zaidi ya f/16 picha nzima inaanza kulainika yenyewe.

*Upepo.* Asubuhi kabla ya saa 3 ndiyo muda wenye utulivu. Chomeka kijiti ardhini, shikiza shina kwa kibanio cha nguo chini ya fremu, usikaze mpaka ukalivunja. Boksi lililokunjuliwa upande wa upepo linasaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

*Fokasi ishike wapi?* Waridi: ukingo wa petali iliyo mbele. Haibiskasi: ncha ya ule mrija unaochomoza katikati, na hapo simama ubavuni, kwa sababu ukisimama mbele mrija uko sm kadhaa karibu kuliko petali na huwezi kupata vyote. Alizeti: sensa iwe sambamba na uso wa ua, ndipo mbegu zote zitakuwa kali hata kwa f/4. Bogonvilia: kile chenye rangi ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kile kidogo cheupe cha ndani. Fokasi iende kwenye kile cheupe, la sivyo picha inakosa pa kutua.

*Maji.* Chupa ya kupulizia, maji ya kawaida. Ukitaka matone yakae bila kuteleza, changanya nusu kwa nusu na glaiserini ya duka la dawa. Puliza mara mbili tu kutoka sm 30. Ua lililorowa chapachapa linaonekana limetoka kwenye mafuriko. Ukimaliza lisuuze.

---

BintiMakorora

Mzee shikamoo. Vipi kuhusu nyekundu? Waridi jekundu na maua ya mkrismasi yanatoka kama rangi imemwagwa, hakuna mishipa wala mikunjo, na histogramu iko sawa kabisa.

---

Mzee wa Waridi

Marahaba binti. Histogramu unayoangalia ni ya jumla. Fungua ile ya rangi tatu, utakuta mstari wa nyekundu umegonga ukuta wakati kijani na bluu wamelala kushoto. Nyekundu imeungua peke yake. Punguza ekspoja -0.7 hadi -1, badili mtindo wa picha kutoka Standard au Vivid uende Neutral, na usipige ua jekundu kwenye jua la moja kwa moja. Wingu likipita, hapohapo.

Nyeupe, kama asumini, ina mtego wa kinyume. Ua dogo jeupe kwenye majani ya kijani kizito: kamera inaona giza, inaongeza, ua linaungua. Punguza -1. Ukijaza fremu nzima kwa kikuba (kishada cha asumini), kamera inaona weupe, inapunguza, kinatoka cha kijivu. Ongeza +0.7. Asumini hufunguka jioni, kwa hiyo kama unataka maua yaliyofunguka, subiri saa 11 na kuendelea. Asubuhi utapata mengi yameshaanza kulegea.

---

Kivuli cha Mwembe

Na kwa wanaokwenda mashamba ya alizeti Singida na Dodoma na mtoto aliyevalishwa gauni jeupe: alizeti changa ndiyo inafuata jua. Ikishakomaa inatulia ikitazama mashariki. Asubuhi jua linapiga uso wa maua, picha ya rangi kali. Jioni maua yote yamelipa jua kisogo, petali zinapitisha mwanga na kuwaka pembezoni. Amua unataka ipi kabla ya kupanda gari, maana ukifika jioni ukitaka nyuso za maua zenye jua hutazipata.

Mwanga wa nyuma unafaa maua yote yenye petali nyembamba. Ziba jua kwa shina au kwa petali yenyewe, weka kiganja juu ya lenzi kama huna kofia yake, vinginevyo picha inafifia kama ina maziwa.

---

Bokeh Bin Bokeh

Mleta uzi kasema f ndogo kuliko zote. Nampinga kidogo kwa wenye 50mm. Kwenye kamera ya sensa ndogo, mtoto akiwa mita 2, f/1.8 inakupa kama sm 11 zilizo kali. Akiwa mita 1 unabaki na sm 2.6 hivi. Mtoto akigeuza kichwa kidogo, jicho moja kali, la pili limepotea. Akipumua tu umemkosa. Wapo watu wanarudisha lenzi dukani wakisema ina kasoro, kumbe ni hesabu.

f/2.8 hadi f/4 kwa mtoto mmoja. f/4 kwa mita 2 ni sm 24, kichwa kizima kinaingia. Watoto wawili, wapange macho yao umbali mmoja kutoka kwenye kamera, f/4 hadi f/5.6.

---

Lenzi50

Nakubali kwa nje, ambako mwanga upo. Ndani jioni sikubali: ukifunga kutoka f/1.8 kwenda f/4 unapoteza stopu zaidi ya 2, ISO 800 inakuwa 4000 kwa kamera ya kuanzia. Hapo naona bora f/2, urudi nyuma mpaka mita 2.5, na uje kukata picha baadaye. Kurudi nyuma kunaongeza sehemu kali kuliko watu wanavyodhani, maana inakua kwa mraba wa umbali.

---

Bokeh Bin Bokeh

Hapo sawa. Kurudi nyuma hawataki kwa kuwa wanaogopa nyuma haitafifia. Inafifia mkuu, mradi mtoto mwenyewe yuko mbali na ukuta. Mita 2 mbele yake, mita 4 nyuma yake. Na kabla ya kubonyeza, zungusha macho pembe nne za fremu: ndoo, kamba ya nguo, nguzo inayoota kichwani. Hatua moja kushoto inaondoa karibu vyote.

---

simu_tu

Sisi wa simu tumeachwa?

---

Gypsum Nyeupe

Hamjaachwa. Kwa mpangilio wa umuhimu:

Futa kioo. Cha simu kina mafuta ya vidole saa zote, na ule ukungu kuzunguka taa na madirisha ni hayo mafuta.

Lenzi kuu ya simu ni pana, sawa na 24 hadi 26mm hivi za kamera kubwa. Ukimsogelea mtoto mpaka sm 40, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Simama mita 1.5, tumia 2x. Kuvuta zaidi ya pale lenzi halisi inapoishia ni kukata picha tu.

Gusa uso kwenye skrini ukishikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha teremsha kijijua kinachotokea pembeni. Kwa shati jeupe au ua jeupe, kiteremshe mpaka weupe uonyeshe mikunjo.

Lenzi ya makro (ya kupiga karibu sana) ya megapikseli 2 kwenye simu za bei ya chini, isahau. Tumia lenzi kuu, rudi nyuma mpaka ishike, kata baadaye.

Modi ya potreti inakisia ukingo. Nywele zilizosukwa rasta na petali zenye meno zinakatwa vibaya. Ipunguze nguvu ya kufifisha kwenye mpangilio wake, au iache ua likiwa karibu, maana kwa karibu lenzi kuu inafifisha nyuma bila msaada.

Mtoto anayekimbia usiku na simu, acheni. Subirini asubuhi.

---

mama_pacha

Asanteni sana, dirisha limefanya kazi. Sasa la mwisho: wakiona kamera wanakenua meno yote na kukaza shingo.

---

Lenzi50

Usiwaambie "cheka". Mpe kazi. Akuhesabie vifungo vya shati lake, ahamishe vikombe, apulize mapovu ya sabuni. Mapovu ni mazuri mara mbili, yanamfanya atazame juu kwenye mwanga. Wewe kamera iwe tayari usoni, fokasi imeshika jicho lililo karibu, unapiga mfululizo wa tatu au nne. Picha inayofaa kwa kawaida ni ya pili au ya tatu baada ya kicheko, pale uso unapolegea. Mtoto chini ya miaka 3 mpe dakika 15, kisha basi. Akichoka hakuna mbinu.

Ukitaka mtoto na ua pamoja: asimame ubavu, siyo uso kwa uso na kamera. Akinusa ua akiwa ubavu, ua na jicho vinakuwa umbali mmoja, f/4 inavibeba vyote. Akikunyooshea ua kuelekea lenzi, kuna sm 30 au 40 kati ya ua na uso. Hapo chagua kimoja, na kama ni ua, hakikisha uso uliofifia bado unasomeka.

---

Stopu Tatu

Kabla hamjarusha mitandaoni. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na picha ya mtoto inayomtambulisha ni taarifa binafsi. Wa kwako utajiamulia. Wa jirani, ruhusa ya mzazi kwanza. Nembo ya shule kwenye sweta ikate au ifiche. Zima mahali kwenye programu ya kamera. WhatsApp ukituma kama picha inabana ubora na kuondoa taarifa za mahali, ukituma kama dokumenti ubora unabaki lakini na mahali panabaki humohumo.

---

BintiMakorora

Swali dogo. Picha zangu za karibuni zina madoa kama utandu ukipiga kuelekea mwanga. Lenzi inakaa kabatini.

---

Fundi Histogramu

Ukiwa pwani hiyo ni fangasi mpaka ithibitike vingine. Toa lenzi, fungua f mpaka mwisho, mulika tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, peleka kwa fundi mapema kabla haijala koti la kioo, na usiiweke pamoja na lenzi nyingine. Kinga: boksi la plastiki linalofunga na mpira, pakiti za silika ndani, uzibadilishe au kuzikausha zikishanyonya. Kabatini na kwenye begi la ngozi ndiyo kwake. Itoe kabatini mara kwa mara, ikae kwenye mwanga.

Na ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Tanga, acha begi limefungwa nusu saa. Ukifungua papo hapo kioo kinavuta mvuke, na ukifuta unauchora.

---

simu_tu

Kuchapa je? Studio ya mtaani inanitolea picha zenye ukungu.

---

Gypsum Nyeupe

Usiwapelekee iliyopita WhatsApp kama picha. Peleka faili lenyewe kwenye memori kadi au kama dokumenti. Kwa 6x4 unahitaji pikseli 1800 kwa 1200, kwa A4 ni 3508 kwa 2480. Waambie wazime marekebisho ya rangi ya mashine, maana ndiyo yanayong'arisha ngozi kupita kiasi na kuunguza shati. Omba 6x4 moja ya majaribio kwanza. Ikitoka na giza kuliko skrini yako, skrini ndiyo ina mwanga mwingi: ishushe kufikia nusu, hariri tena, ndipo uchape zilizobaki.